Gari la Kazini Katika Uwanja wa Koni

Iko dhana iliyoenea sana miongoni mwa watu wetu, walioko nyumbani na walioko ng'ambo, kwamba mashindano ya magari ni mchezo wa matajiri na wa vijana wasiojua hofu, na kwamba mtu wa mshahara wa wastani, mwenye watoto wa kusomesha na gari moja tu la kumpeleka kazini na kumrudisha, hana mahali katika mchezo huo illa pale nje ya kamba, asimamapo kutazama vumbi la wenziwe. Nimekaa Marekani, katika jimbo la Maryland, muda wa kutosha kuona dhana hiyo ikivunjwa Jumapili baada ya Jumapili na wauguzi, mafundi bomba, walimu na wastaafu, waliokuja uwanjani na magari yale yale waliyoendea sokoni jana yake. Na kwa kuwa mimi ni mmoja wao, na gari langu ni Corolla ya milango minne ya namna iliyojaa katika kila barabara ya Afrika Mashariki, naona ni wajibu wangu kulieleza jambo hili kwa Kiswahili, ili asomaye ajue mlango wa kuingilia na faida iliyomo ndani.

Nililelewa Mombasa katika zama ambazo mashindano ya Safari yalikuwa ndiyo habari ya Pasaka, kwa Waislamu na Wakristo sawasawa, na mtoto asiyeweza kutaja majina ya madereva alihesabiwa kuwa hajui mambo ya dunia. Tulimjua Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda mwaka 1965, kisha 1974 na 1976. Tulimjua Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyeshinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Na wazee wetu walipotaka kutukata maneno walimtaja Bert Shankland wa Tanzania, aliyeuchukua ushindi mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari ambalo siku hizo lilikuwa likibeba abiria na mizigo katika miji yetu yote. Tusiloambiwa utotoni, nami nikaja kulisoma ukubwani, ni kwamba mashindano hayo yalipoasisiwa mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yalikuwa ya magari ya kawaida kama yauzwavyo dukani, yaliyopangwa madaraja kwa kadiri ya bei yake. Na kwamba ile Volvo iliyompa Joginder na nduguye Jaswant ushindi wa mwaka 1965 haikuwa mpya, bali ni gari lililokwisha kutumika katika Safari ya mwaka uliotangulia. Chimbuko la fahari ile yote, basi, ni gari la mtu wa kawaida, na sijui ni kwa njia gani sisi tuliozaliwa karibu nayo tulikuja kulisahau hilo.

Mchezo ninaoukusudia huitwa otokrosi. Chama kikubwa kinachousimamia huku ni Sports Car Club of America, kilichoasisiwa mwaka 1944, ingawa viko na vyama vidogo vingi vya mitaa. Hutafutwa uwanja mpana wa lami, aghalabu maegesho ya uwanja wa michezo siku isiyo na mechi, au njia ya ndege isiyotumika tena, na juu yake hupangwa koni za rangi ya chungwa, zile wazitumiazo watengenezaji wa barabara, zikafanya njia yenye kona za kila namna, malango ya kupenya, na safu za koni ambazo dereva hupinda kati yake kushoto na kulia. Magari huingia mojamoja. Hakuna mpinzani ubavuni, hakuna ukuta, mti wala shimo kando ya njia, na kwa kawaida baya limfikalo dereva ni kuangusha koni. Mwendo haupiti ule wa barabara kuu, mara nyingi maili 40 hadi 60 kwa saa. Mzunguko mmoja huisha kwa dakika moja au pungufu, na muda wake hupimwa kwa mwali wa mwanga mwanzoni na mwishoni, hata sehemu ya elfu ya sekunde. Koni ikiangushwa au ikitolewa katika alama yake, dereva huongezewa sekunde 2. Akikosa lango, mzunguko ule hauhesabiwi. Kwa siku nzima mtu hupata mizunguko minne, mitano au sita, na ulio bora kuliko yote ndio humwekea nafasi yake.

Mtu akiambiwa kwamba atashinda juani kutwa kwa ajili ya dakika tano au sita za kuendesha, huenda akaona ni hasara ya siku. Mimi naona ndiyo siri ya mchezo wenyewe, kwa sababu dakika moja iliyosubiriwa kwa saa mbili, ikatembelewa kwa miguu, ikafikiriwa, kisha ikapita, hubaki katika fahamu ya mtu kwa ukamilifu ambao saa nzima ya kuendesha barabarani haiwezi kuuacha.

Aliyenipeleka ni mwana wa ndugu yangu, aliyekuja kusomea uhandisi, akakaa nasi nyumbani. Alikuwa amekwisha kwenda mara kadhaa na rafiki zake wa chuoni, na kila arudipo alikuwa na utulivu ambao sikuuzoea kwa vijana watokao kwenye magari. Usiku mmoja, baada ya chakula, alianza kunishawishi.

"Ami," akasema, "gari unalo, leseni unayo, na helmeti huazimwa pale pale. Kimebaki nini?"

"Kimebaki kunieleza Jumatatu nitakwenda kazini na nini, gari likiharibika."

"Utakwenda na hili hili, inshallah. Ami, wewe huliendesha gari hili kila siku kwenye mvua na barafu, baina ya malori. Huko hakuna lori hata moja."

Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotazamia, nami nimeizingatia mara nyingi tangu siku ile. Ni kweli kwamba gari huchoka kidogo uwanjani, na ni insafu kusema huchoka wapi: matairi huliwa kwenye mabega yake, hasa ya mbele kwa gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, na breki huliwa zaidi ya kawaida. Injini na giaboksi ya gari zima, lenye oili ya kutosha na maji ya kutosha, hazidhuriki kwa dakika tano. Jambo la kuangaliwa kwa hadhari ni bima, kwa maana mikataba mingi ya bima ya gari huondoa mashindano ya kupimwa kwa muda. Mtu na ausome mkataba wake mwenyewe, neno kwa neno, kabla ya kujiandikisha, asitosheke na maneno ya jirani.

Matayarisho ya gari la kila siku ni kulivua kila kitu kisichofungwa. Usiku wa kuamkia siku yenyewe tulitoa katika ile Corolla miavuli, chupa za maji, vitabu vya watoto, jeki na tairi la akiba, msala uliokaa katika buti miaka, na sarafu zilizojificha chini ya viti. Na mwisho nilifungua tasbihi iliyokuwa ikining'inia kwenye kioo cha ndani, kwa kuwa kitu chochote kinachoweza kuruka wakati gari linapopinda ni hatari kwa dereva. Vilevile tuliondoa vile vitandiko vya miguuni. Hapo mwana wa ndugu yangu alinionyesha jambo ambalo tangu hapo nimewaonyesha watu wengi: alikiweka kitandiko mahali pake, akakisukuma mbele kwa vidole viwili tu, nacho kikateleza taratibu hata kikaingia chini ya kanyagio la breki, kikalizuia lisishuke. Kitandiko hicho kilikuwa humo siku zote, nikipeleka watoto shule nacho.

Asubuhi, kabla ya gari kuruhusiwa kuingia, hukaguliwa. Mkaguzi wangu alikuwa fundi wa makamo mwenye mikono mipana, aliyelishika gurudumu juu na chini akalitikisa kwa nguvu kusikiliza kama beringi zimelegea, akajaribu kila nati, akaivuta betri kuona kama imefungwa, akakanyaga breki na kuishikilia kuona kama itazama, akatazama chini kama kuna kinachovuja, akahakikisha kwamba kanyagio la mafuta hurudi lenyewe likiachwa, na mikanda ni mizima. Kazi hiyo yote haikuchukua dakika tano, wala hakunitoza kitu. Nilijiuliza ni magari mangapi yaendayo Voi na Segera kila siku ambayo hayajapata kutikiswa gurudumu hivyo na mtu yeyote tangu yashuke melini. Magari marefu na membamba, yenye hatari ya kupinduka, hukataliwa hapo hapo, hata mwenyewe akiwa bingwa.

Helmeti nayo hukaguliwa, na ndani yake sharti iwe na kibandiko cha kiwango kinachokubaliwa, aghalabu cha Snell. Asili ya jina hilo yafaa kujulikana: Pete Snell alikuwa dereva wa mashindano aliyefariki mwaka 1956 kwa majeraha ya kichwa, na mwaka uliofuata rafiki zake na madaktari waliasisi taasisi ya kuzijaribu helmeti na kuziwekea kiwango. Kila akivaaye kile kifuniko huvaa faida iliyopatikana kwa msiba wa mtu mwingine, na mimi husoma kibandiko hicho kwa taadhima.

Baada ya ukaguzi ndipo watu huitembelea njia kwa miguu, na hapa ndipo mwanafunzi aanzapo kutengana na mtazamaji. Uwanja wenye koni mamia, ukiutazama umesimama, ni fujo tupu ya rangi ya chungwa. Waliobobea huenda polepole, peke yao, wakisimama, wakirudi nyuma, na kila mara wakichutama hata macho yao yakawa kwenye kimo kile kile yatakachokuwa nacho ndani ya gari. Na ukichutama nao utaona kwamba lango ulilodhani liko wazi limefichwa nyuma ya lingine, na kwamba kona uliyodhani ni moja ni mbili, ya pili ikiwa imebana kuliko ya kwanza. Nilipewa siku ile mwalimu wa wageni, bibi mwenye mvi, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, ambaye gari lake lilikuwa dogo kuliko langu. Alinitembeza njia nzima akaniuliza swali moja tu: katika koni zote hizi, ni zipi ambazo gari lako litapita karibu nazo? Tulipozihesabu hazikutimia kumi na tano. Zilizobaki zote, akasema, zimewekwa kwa ajili ya macho tu, wala hazina haki ya kufikiriwa.

Sasa nifikilie jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha elimu hii yote, nalo ni macho. Kila mtu aendeshaye gari husema kwamba hutazama mbele, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini mbele wanayoitazama watu wengi ni ile sehemu ya barabara iliyo baada tu ya boneti, au taa za nyuma za gari lililotangulia. Kwa mwendo wa maili 40 kwa saa gari hupita takriban futi 59 kwa kila sekunde. Mtu atazamaye koni iliyo futi 30 mbele yake, basi, anatazama jambo ambalo limekwisha kuamuliwa: mikono yake haina tena wasaa wa kulibadili, na kila atendalo ni kujibu, si kukusudia. Ndiyo maana dereva mgeni huyumba, hukanyaga breki kwa ghafla, huzungusha usukani mara mbili pale ulipotakiwa kuzungushwa mara moja, na hutoka mle ndani akihema, akiamini kwamba alikwenda mbio sana, ilhali saa inaonyesha kwamba alikwenda polepole.

Bibi yule aliketi kando yangu katika mzunguko wa pili, na badala ya kuniambia nifanye nini na usukani au breki, alinyosha mkono wake mbele ya uso wangu akaonyesha kwa kidole koni ambayo bado ilikuwa mbali, na kila nilipoikaribia kidole chake kilikuwa kimekwisha kuhamia nyingine. Tulipoingia kwenye safu ya koni za kupindapinda, kidole kilikuwa kwenye koni ya tatu nasi tungali kwenye ya kwanza. Na tulipoingia kwenye kona ndefu, kidole kilitoka kabisa katika kioo cha mbele kikaelekea dirisha la ubavuni, kwa kuwa mwisho wa kona ulikuwa huko. Nilifuata kidole kile kwa macho, na mikono yangu, bila ya kuamrishwa, ikawa polepole. Koni za karibu sikuziona tena kwa kuzikodolea, lakini nilijua zilipo, kama mtu ajuavyo kizingiti cha nyumba yake bila ya kuinama kukitazama. Mzunguko ule ulihisika mwepesi, karibu wa uvivu, nao ulikuwa wa haraka kuliko wa kwanza kwa sekunde nyingi.

Nimelitafakari hilo sana. Yako maarifa ambayo mtu huyapata kwa kuongeza bidii, na yako mengine ambayo bidii huyafukuza. Na elimu ya macho ni ya aina hii ya pili, kwa maana hofu huyavuta macho karibu, na macho yakiwa karibu hofu huzidi. Anayetaka kuukata mzunguko huo hana budi kuyalazimisha macho yaende pale ambapo hofu haitaki yaende, yaani mbali, hata kabla ya kuamini kwamba kilicho karibu kimekwisha kushughulikiwa.

Somo la pili ni la matairi, na hilo hufundishwa na gari lenyewe. Sehemu ya tairi inayogusa lami kwa wakati wowote haizidi sana ukubwa wa kiganja, na kwa viganja vinne hivyo gari hufanya kila kitu: huondoka, hupinda na husimama. Uwezo wa kiganja kimoja una mpaka, nao hugawanywa. Dereva akiutumia wote kwa breki, hakibaki cha kupindia, na akiutumia wote kwa kupinda, hakibaki cha kuvutia. Corolla yangu, kama magari mengi yavutwayo na magurudumu ya mbele, ikiingia kona kwa mwendo uliopita kiasi, pua yake husukumwa nje, usukani hulegea mkononi, na matairi hulia. Tabia ya mwanadamu hapo ni kuuzungusha usukani zaidi, na kufanya hivyo ni kumdai mtu deni asilonalo. Dawa yake ni kinyume cha tabia: kuachia mafuta kidogo, kuurudisha usukani kidogo, na kungoja, uzito wa gari huja mbele, matairi ya mbele hukandamizwa yakashika tena, na pua hurejea njiani. Hayo nilikuwa nimeyasoma kabla. Kuyasikia kwenye vidole na kwenye mgongo, mara nyingi, mahali ambapo gharama yake ni koni moja, ni elimu nyingine kabisa.

Ndiyo maana siwashauri wanaoanza waharakie kununua kitu. Vijana wengi hutaka kwanza springi fupi, shokapu ngumu, na yale matairi ya kunata ambayo sheria za madaraja ya magari ya barabarani huyaruhusu mradi kiwango chake cha kulika kisipungue 200. Matairi hayo ni mazuri, nami baadaye niliyanunua. Lakini tairi la kawaida hulia mapema, huteleza polepole, na humpa dereva habari ya kila kosa lingali dogo. Lile la kunata hunyamaza mpaka ukingoni kabisa. Mwanafunzi anahitaji mwalimu msemaji. Kinachofaa kununuliwa mwanzo ni kipimo kizuri cha upepo na chupa ya ile rangi nyeupe ya viatu. Rangi hupakwa mistari mifupi kwenye bega la tairi, na baada ya mzunguko hutazamwa: ikiwa imefutika mpaka chini ya alama ya bega, tairi linalala mno, na upepo huongezwa ratili mbili tatu, ikiwa haikuguswa kabisa, hupunguzwa. Kwa njia hiyo mtu wa kawaida, aliyepiga goti kwenye lami ya moto na kitambaa mkononi, husoma mambo ambayo timu kubwa huyasoma kwa mitambo. Jioni, kabla ya kurudi nyumbani, upepo hurejeshwa kiwango cha barabara, na nati hukazwa upya kwa spana yenye kipimo.

Iko sehemu nyingine ya siku ambayo matangazo hayaisemi, nayo ni kazi. Kila aendeshaye sharti pia atumike: kundi moja linapoendesha, jingine husimama uwanjani na bendera nyekundu na redio, tayari kulisimamisha gari kukiwa na hatari, na kuzirudisha koni zilizoanguka. Kila koni imezungushiwa alama kwenye lami, na mtumishi huinama kutazama: ikiwa imesimama na sehemu yake ingali ndani ya alama, dereva hana deni, ikiwa imelala au imetoka nje yote, hutangaza kwa redio namba ya gari na adhabu. Nimemwona mwenye gari la thamani ya nyumba akikimbia kwenye jua kali kuisimamisha koni iliyoangushwa na mwanafunzi mwenye gari la mitumba, na dakika kumi baadaye mwanafunzi yule akimfanyia vilevile. Hakuna anayesamehewa kazi hiyo. Nami naamini kwamba adabu iliyopo katika mchezo huu, ya watu kuazimana pampu na kuelezana siri zao bila choyo, msingi wake ni kazi hiyo kuliko hotuba yoyote. Fauka ya hayo, hakuna mahali pazuri pa kujifunzia kona kuliko kusimama kando yake na kuona magari yote yakiingia, mengine kwa busara na mengine kwa pupa.

Watu wenye hamu ya kweli hufika Lincoln, Nebraska, ambako kila Septemba hufanywa mashindano ya taifa, kwenye uwanja mpana wa saruji uliokuwa kituo cha ndege za kivita, na madereva hupita elfu moja. Huko kila mmoja hupewa mizunguko mitatu tu kwenye njia moja, na kesho yake mitatu kwenye nyingine, na ubingwa wa mwaka mzima huweza kwenda kwa tofauti ya sehemu za mia za sekunde. Sina tamaa ya ubingwa huo. Yatoshayo kwangu ni yale yaliyonifuata barabarani. Mwaka mmoja, katika ile barabara kuu inayouzunguka mji wa Washington, lori lililokuwa mbele liliangusha ubao mrefu, nao ukadunda na kukaa mkingamo wa njia yangu. Na katika muda ule mfupi niligundua kwamba macho yangu hayako kwenye ubao, yako kwenye uwazi wa kushoto, na mikono imekwisha kulipeleka gari huko, kwa mpindo mmoja, bila ya breki kukanyagwa wakati wa kupinda. Mke wangu, aliyeketi kando, aliniuliza kwa nini nimehama njia.

Kenya otokrosi ipo, na ina wapenzi wake hodari, lakini huko hukimbiwa juu ya udongo, na wengi huja na magari yaliyofumwa vyuma ndani au yaliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo. Mtu mwenye Vitz ya kumpeleka ofisini hawezi kulitia gari lake kwenye mawe na matuta yale. Ninalolitamani ni hii ya lami na koni, kwa sababu ndiyo inayompokea mtu huyo kama alivyo. Maegesho ya Kasarani Nairobi, na yale ya Uwanja wa Benjamin Mkapa Dar es Salaam, hayajai kila Jumapili. Madereva wa daladala, wa matatu na wa teksi, ambao maisha ya watu yamo mikononi mwao, wangeweza kuletwa hapo wakaonyeshwa mahali matairi yanapoachia, kwa gharama ya koni zilizolala. Vinavyohitajika si vingi: koni zenyewe, chaki, bendera, helmeti za kuazima, zimamoto, gari la wagonjwa, fundi mwaminifu wa kutikisa magurudumu, na watu watakaokubali kusimama juani. Ghali kidogo ni mitambo ya kupimia muda, na mwana wa ndugu yangu, ambaye sasa ni mhandisi na amerudi Mombasa, amekwisha kuniandikia kwamba anaunda mmoja kwa vifaa alivyovipata huko huko. Kimebaki kibali cha uwanja, na barua ya kukiomba tumeianza.